Ndege Kubwa ya Mfano

Watoto wa Baraka wanajua kuunda ndege. Huchukua mabua makavu ya mahindi, hukata mabawa mawili na mkia, huyabana kwa miiba, kisha huishika ndege yao mkononi na kukimbia nayo mchangani, huku midomo ikinguruma kama injini. Ndege hiyo haina hatari. Mkono ukiiacha huanguka, na mtoto huiokota.

Katika nchi nyingi wako watu wazima ambao hawakuuacha mchezo huo. Wameuendeleza hata umekuwa kazi ya ufundi mwingi. Huunda ndege za mbao zenye injini ya kweli, magurudumu ya kweli na usukani wa kweli. Hakuna mtu ndani. Mwenye ndege husimama chini, ameshika kisanduku chenye vijiti viwili, na ndege hutii vidole vyake kwa nguvu ya redio.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1937 ndugu wawili mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ya namna hiyo, wakaiita Guff. Mabawa yake, kutoka ncha hata ncha, yalikuwa karibu mita 2 na nusu. Redio za siku zile zilikuwa nzito, na ndege ndogo isingeweza kuzibeba. Leo Guff imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya ndege huko Washington.

Wenye kazi hii huita ndege ya mfano “kubwa” ikiwa ina bawa moja lenye urefu wa mita 2 na sentimita 3 au zaidi kutoka ncha hata ncha, au ikiwa ni robo ya ndege ya kweli. Neno “robo” lina fumbo ndani yake, na yafaa kulifumbua kwa hesabu.

Iko ndege ya kweli iitwayo Piper Cub, ambayo ilianza kuundwa Marekani katika miaka ya 1930. Mabawa yake yana urefu wa mita 10 na sentimita 74. Ikichukua watu wawili na mafuta, uzito wake hufika kilo 553 hivi. Fundi akitaka kuunda mfano wa robo, kila urefu huugawa kwa 4. Basi mabawa ya mfano yatakuwa na mita 2 na sentimita 68 hivi. Je, uzito nao utagawanywa kwa 4? Hapana. Chukua sanduku lenye urefu robo, upana robo na kimo robo ya sanduku kubwa, ulijaze mchanga. Litachukua sehemu moja ya 64 tu, maana 4 mara 4 mara 4 ni 64. Kwa hesabu hiyo mfano wa Cub ungekuwa na kilo 8 na nusu hivi. Na kweli, mifano mingi ya namna hiyo ina uzito wa kilo 6 hata 9.

Mtu akisikia kilo 8 hucheka. Hata mtoto hubeba ndoo ya lita 8 kutoka kisimani. Lakini ndege hii huenda mbio, kilometa 70 kwa saa na zaidi. Ikimpiga mtu kwa mwendo huo, ni sawa na ndoo ile ya lita 8 kumwangukia kutoka kimo cha mita 19, yaani kutoka kileleni mwa mchikichi mrefu sana. Hapo kicheko kinakoma.

Jambo hili si la kutisha watoto bure. Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, majeshi ya Ulaya yalikuja Kinshasa. Wabelgiji walikuwa na ndege za kijeshi zisizo na rubani ndani, nzito mara nyingi kuliko ndege ya mfano. Tarehe 5 Oktoba moja ya ndege hizo iliruka, na baada ya muda mfupi ikaanguka penye watu. Mtu mmoja alikufa na wengine walijeruhiwa. Waliopatwa na msiba ule hawakuwa na habari yo yote na ndege hiyo, walikuwa katika shughuli zao tu. Ndiyo maana fundi mwema hutumia miezi mingi kuunda na kukagua, ili apate dakika kumi za kuruka.

Tazama sasa jinsi ndege inavyoundwa. Mwili wake na mabawa yake si mbao nzima kama mtumbwi, maana mtumbwi hubebwa na maji, lakini ndege hubebwa na hewa iliyo nyepesi. Kila bawa lina boriti moja au mbili ndefu, na juu yake zimepangwa mbavu nyembamba, kama mbavu za samaki zilivyoshikwa na uti wa mgongo. Mbavu hukatwa kwa mti wa balsa, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Huo ni mti mwepesi kabisa, kipande kikubwa chake hubebwa kwa vidole viwili. Boriti huhitaji mbao ngumu zaidi, kwa kuwa uzito wote wa ndege huning’inia juu yake. Kisha mbavu zote hufunikwa kwa kitambaa chembamba, nacho hupashwa moto kwa pasi kikaze kama ngozi ya ngoma.

Kazi ya gundi haitaki haraka. Gundi ambayo haijakauka ndani huonekana nzuri nje, kisha bawa hukatika angani ndege ikipinda kwa nguvu. Fundi hulaza bawa juu ya meza iliyonyoka sawasawa, hulibana, huliacha mpaka kesho. Bawa lililojipinda kidogo tu litaivuta ndege upande mmoja siku zote, na hakuna mkono wa mtu utakaolishinda wakati ndege iendapo polepole.

Sehemu za kuongozea ni nne. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa kuna kipande kinachocheza juu na chini. Kimoja kikipanda kingine hushuka, na ndege hulala upande. Mkiani kuna kipande kilicholala ambacho huinua pua ya ndege au huishusha, na kingine kilichosimama, ambacho huigeuza pua kushoto au kuume. Ya nne ni nguvu ya injini. Kila kipande husukumwa na mota ndogo iitwayo sevo, nayo sevo hupata amri kutoka kwa kipokezi, yaani kisanduku kidogo kilichomo ndani ya ndege ambacho husikia redio. Vyote hula nguvu ya betri. Betri ikiisha, ndege haina bwana tena. Kwa hiyo wengi huweka betri mbili za kipokezi, moja ikifa nyingine ishike kazi, na hupima nguvu yake kabla ya kila safari. Kukisia betri ni upumbavu.

Zamani kila redio ilikuwa na njia yake, na watu wawili wakiwasha njia moja, ndege moja ilianguka. Redio za siku hizi hufundisha kipokezi kumjua bwana wake mmoja tu. Tena kipokezi huwekewa amri ya dharura: kisiposikia neno lo lote, kizime injini, ili ndege isiende mbali na kuanguka mahali pasipojulikana.

Sasa linakuja jambo ambalo limeharibu ndege nyingi kuliko upepo, nalo ni mizani. Kila mtu aliyebeba mzega anajua kwamba mti ukikaa vibaya begani, upande mmoja huburura chini. Wavuvi wa ndagala nao hawapangi nyavu zote nyuma ya mtumbwi, kwa sababu pua ya mtumbwi itainuka na mawimbi yataushinda. Ndege ni vivyo hivyo. Bawa la mfano wa Cub lina upana wa sentimita 40 kutoka ukingo wa mbele hata ukingo wa nyuma. Uzito wote wa ndege wapaswa kulingana mahali palipo sentimita 10 hata 12 nyuma ya ukingo wa mbele, yaani kama robo ya upana au zaidi kidogo. Watu wawili huiinua ndege kwa ncha za vidole mahali hapo, kila mtu chini ya bawa moja, na tangi likiwa tupu. Ikilala sawasawa au pua ikiinama kidogo, ni vema. Mkia ukianguka, ni hatari kubwa. Ndege yenye mkia mzito huinua pua ghafula, haikai katika mwendo mmoja, na yule aliye chini hawezi kuishika tena. Dawa ni kusogeza betri mbele, au kufunga risasi puani. Fundi huona uchungu kuongeza uzito baada ya kuhangaika kuupunguza, lakini afadhali uchungu huo.

Kukagua usukani nako kuna mtego wake. Mtu akiunganisha waya vibaya, kijiti cha kuume huipeleka ndege kushoto. Chini mezani kosa hili halina kelele. Hewani ndege hulala upande, mwenyewe huirudisha, nayo huzidi kulala, na baada ya nukta tatu imekwisha. Kwa hiyo fundi husimama nyuma ya ndege, hutazama kule inakotazama, na husema kwa sauti: “Kuume.” Kipande cha bawa la kuume sharti kipande juu. “Kushoto.” Cha kushoto kipande. Msaidizi hutazama pia na kuitika. Macho ya mtu mmoja huona kile anachotaka kuona.

Kabla ya kwenda uwanjani redio hujaribiwa kwa mbali. Injini ikiwa imezimwa, redio hupunguzwa nguvu, na mwenyewe hutembea hatua 30 au zaidi huku akisogeza vijiti. Msaidizi akiona kipande kimetetemeka au kimekawia, safari ya siku hiyo imevunjika.

Injini yenyewe huogopwa zaidi na wale wanaoijua. Propela yenye urefu wa sentimita 46, ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake huenda zaidi ya kilometa 600 kwa saa. Macho hayaioni, huona kivuli tu, na kivuli hicho hukata vidole. Mkia wa ndege hufungwa kwa kamba au hushikwa na msaidizi kabla injini haijawashwa. Watu wote hukaa nyuma. Hakuna anayesimama ubavuni, sawa na propela, kwa maana kipande kikivunjika huruka upande huo. Marekebisho yote hufanywa kwa mkono unaotoka nyuma. Ndege yenye mota ya umeme huonekana pole, lakini inaweza kuruka kuliko ya petroli, kwa kuwa haitoi onyo. Betri ikisha kuingizwa, huhesabiwa kuwa iko hai.

Ni wapi basi itarushwa? Si sokoni, si karibu na barabara ya Uvira, wala si juu ya shule. Panatakiwa uwanja wa wazi, usio na miti wala waya, na watazamaji wote wakae upande mmoja, nyuma ya anayeongoza. Ndege huruka mbele yao, haipiti juu ya vichwa vyao hata mara moja. Watoto ndio wagumu hapo. Mtoto akiona ndege imetua hukimbilia kuishika, na propela ingali inazunguka. Mtu mzima mmoja hupewa kazi ya kuwazuia, hana kazi nyingine.

Upepo nao hutazamwa. Katika pwani ya Baraka mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, na upepo hutoka ziwani kwenda milimani. Usiku milima hupoa, na upepo hurudi kutoka milimani kwenda ziwani. Kati ya pepo hizo mbili, asubuhi, kuna saa ya utulivu, na wavuvi wanaijua vizuri. Hiyo ndiyo saa ya kurusha ndege. Huko Fizi, juu milimani, mambo ni tofauti. Upepo ukivuka kilima hujikunja nyuma yake kama maji nyuma ya jiwe mtoni, na ndege ikiingia humo husukumwa chini. Tena hewa ya milimani ni nyepesi zaidi. Uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko mita 773 hivi juu ya bahari, na kila mtu apandapo, hewa hupungua. Propela hushika hewa kidogo, injini hupumua kidogo, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Ndege iliyoruka vema Baraka inaweza kushindwa Fizi, wala haijaharibika.

Ndege huruka kwa kuelekea upepo. Anayeongoza huongeza nguvu polepole, huiacha ikimbie mpaka iwe na mwendo wa kutosha, kisha huinua pua kidogo tu. Wageni wa kazi hii hukosea papo hapo: hufurahi, huivuta ndege ipande kama roketi. Lakini bawa halibebwi na kelele ya injini, hubebwa na hewa inayopita juu yake na chini yake. Pua ikiinuka mno, mwendo hupungua, hewa huacha kulifuata bawa, na ndege huanguka kama jiwe ingawa injini inanguruma.

Injini ikizimika baada ya kuruka, moyo humwambia mtu aigeuze irudi uwanjani. Asiusikilize. Kugeuza hula mwendo na kimo, na ndege iliyo chini haina akiba ya vyote viwili. Itelemke mbele, pua chini kidogo, hata kama mbele ni vichaka. Mbao hushonwa upya kwa gundi.

Jambo moja huwachanganya wote mwanzoni. Ndege ikienda mbali na anayeongoza, kuume kwake ni kuume kwa ndege. Ikirudi kumwelekea, kuume kwa ndege kumekuwa kushoto kwake. Mwanafunzi anaweza kulijaribu hili na mwenzake: wasimame wakitazamana, kila mmoja anyoshe mkono wa kuume. Kwa sababu hiyo hakuna anayeanza kwa ndege kubwa. Hujifunza kwa ndogo, nyepesi, na mwalimu akiwa kando yake na kisanduku cha pili, tayari kushika uongozi.

Limebaki neno la ruhusa. Kuangalia mambo ya anga katika Kongo ni kazi ya Autorité de l’Aviation Civile iliyoko Kinshasa. Lakini Kivu ya Kusini ina sababu nyingine iliyo nzito kuliko karatasi. Watu wa mashariki wameona ndege zisizo na rubani zikija na vita. Mwezi wa Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha huko Goma ndege za namna hiyo, zisizo na silaha, ili kutazama njia za waasi. Tangu hapo zimekuja nyingine zenye mabomu. Mama aliye shambani akisikia mngurumo juu yake hawezi kujua kama ni mchezo. Atawakusanya watoto akimbie. Askari naye hatauliza, atapiga risasi. Basi mahali palipo na vita au hofu ya vita, ndege ya mfano hukaa nyumbani, hata ikiwa imeundwa vizuri namna gani. Mahali penye amani, mkuu wa eneo, askari na wenyeji huambiwa mapema siku na saa.

Ufundi huu una matunda mengine pia. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya majaribio ya miezi sita katika Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Ndege ya Wajerumani isiyo na rubani ilipeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe. Ilikwenda kilometa 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mtu wa Baraka akisimama ufukweni na kutazama rasi ya Ubwari ng’ambo ya ghuba, akimkumbuka mgonjwa anayengoja mtumbwi, ataelewa mara moja faida yake.

KAZI YA MIKONO. Wanafunzi wachukue kijiti cha mwanzi chenye urefu wa sentimita 25, na karatasi ngumu. Wakate bawa la sentimita 30 kwa 6, na mkia wa sentimita 12 kwa 4, pamoja na kipande kidogo cha kusimama. Wafunge bawa kwa uzi, ukingo wake wa mbele uwe sentimita 7 kutoka puani, na ncha zake ziinuliwe kidogo. Puani waweke udongo wa mfinyanzi. Wairushe polepole, ikiwa imelala sawa. Ikiinua pua kisha ikaanguka, waongeze udongo. Ikijichimbia chini, wapunguze. Siku itakaporuka vizuri, wapime mahali mizani yake ilipo.

MASWALI
1. Kwa nini mfano wa robo hauna robo ya uzito wa ndege ya kweli?
2. Ndege yenye mkia mzito hufanya nini hewani?
3. Kwa nini asubuhi ni saa njema ya kurusha ndege pwani ya Baraka?
4. Injini imezimika ndege ikiwa chini bado. Anayeongoza afanye nini, na kwa nini?
5. Ndege iitwayo Cessna Caravan ina mabawa yenye urefu wa mita 15 na sentimita 87. Mfano wake wa sehemu moja ya tano utakuwa na mabawa ya urefu gani? Je, utahesabiwa kuwa mfano mkubwa?